Sisi Hatuli Nguruwe: Somo la Tegu Kutoka Handeni na Korogwe

Ndugu msomaji, kama unasoma ukurasa huu ukiwa kwenye foleni ya kantini, maliza kwanza kula. Makala hii inahusu minyoo. Inahusu tegu, yule mnyoo bapa, mrefu kama utepe, ambaye wengi wetu tulimchora sekondari, tukapata alama zetu, tukamsahau. Hata mimi ninayesoma udaktari wa mifugo nilikuwa nimemsahau. Kilichonikumbusha ni swali la mama mmoja wa Handeni, ambalo nililijibu vibaya.

Likizo iliyopita nilikuwa fildi mkoani Tanga, wiki nne Handeni na wiki nne Korogwe. Kazi yangu ilikuwa kumfuata afisa mifugo kila anakokwenda: alfajiri machinjioni, mchana majoshoni, jioni kwenye maboma na mabanda ya watu. Vijijini hawakuhangaika na vyeo. Yeye alikuwa bwana mifugo, nami nikawa bwana mifugo mdogo.

Siku moja, katika kijiji kimoja si mbali na barabara ya Mkata, tulikuwa tukichanja kuku dhidi ya kideri. Mama mwenye nyumba akaniita pembeni. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kama sisi watu wa mifugo tunayo dawa ya kifafa. Mwanawe wa miaka 12 alikuwa akianguka tangu mwaka uliopita. Aliwahi kuangukia mafiga, mkono ukaungua. Shule alishaacha, maana wenzake wakimwona anatoa povu wanakimbia. Sasa mama huyo alikuwa amesikia redioni kwamba kifafa huletwa na minyoo ya nguruwe.

"Lakini mwanangu," akaniambia, "sisi hatuli nguruwe. Wala babu zake hawakula. Huyo mnyoo kaingilia wapi?"

Nikamjibu kwa kujiamini, kama mtu ambaye mtihani alishafaulu: "Basi mama, kama hamli nguruwe, hiyo haiwahusu. Cha mtoto ni kitu kingine."

Usiku ule nilipokuwa nikijaza kitabu cha fildi nilifungua madaftari yangu ya parasitolojia, nikasoma ukurasa niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe mwaka wa pili. Nikaona nimemdanganya yule mama. Sikukusudia, lakini nilimdanganya. Makala hii ni masahihisho ya jibu lile, na nimeipanga kwa namna ambayo ningetamani ikae kichwani mwangu siku ile.

Tegu ni nani?

Tegu hana mdomo wala utumbo. Anaishi ndani ya utumbo mwembamba wa mwenyeji wake na kufyonza chakula kilichokwisha kumeng'enywa kupitia ngozi yake mwilini kote. Yaani anakula msosi ambao mwenzake ameutafuta, ameupika na ameumeng'enya. Kichwa chake ni kidogo kama kichwa cha pini, nacho kina vikombe vinne vya kunasia ukuta wa utumbo. Nyuma ya kichwa kuna shingo, na shingoni ndiko zinakozaliwa pingili. Pingili changa huwa karibu na kichwa. Zilizokomaa, zilizojaa mayai, huwa mkiani. Hizo hukatika na kutoka na kinyesi.

Wako wengi katika ukoo huu, lakini wawili ndio wanaotuhusu zaidi. Wa kwanza ni tegu wa nguruwe, Taenia solium. Huyu ana urefu wa mita 2 hadi 7, pingili kama 1,000, na kila pingili iliyokomaa inaweza kubeba mayai kama 50,000. Kichwani ana taji la vijikulabu. Wa pili ni tegu wa ng'ombe, Taenia saginata. Kwa kawaida ana mita 5 au pungufu, ingawa huweza kurefuka hata kufikia mita 25. Huyu hana vijikulabu, na pingili yake moja inaweza kubeba mayai 100,000.

Majina haya yanapotosha. Ukisikia "tegu wa nguruwe" unadhani tegu mzima anaishi ndani ya nguruwe. Hapana. Tegu mzima wa aina zote mbili anaishi ndani ya binadamu. Sisi ndio nyumba yake ya kudumu. Nguruwe na ng'ombe ni nyumba za kupita: ndani yao anakaa mtoto wa tegu, akiwa ndani ya kifuko cheupe chenye maji, katikati ya nyama. Kifuko kina ukubwa wa kati ya punje ya mchele na harage dogo. Wauza nyama niliokutana nao Korogwe wanakiita mchele, na ukikiona hutauliza kwa nini.

Mzunguko basi ni huu. Mtu mwenye tegu anajisaidia kichakani. Nguruwe anayezurura anakula kile kinyesi pamoja na mayai. Mayai yanaanguliwa tumboni mwake, vijusi vinatoboa utumbo, vinaingia kwenye damu na kutua kwenye misuli. Baada ya miezi miwili mitatu hivi vinakuwa vifuko. Mtu anakula nyama hiyo ikiwa haijaiva. Kifuko kinafunguka tumboni mwake, kichwa kinanasa kwenye utumbo, na baada ya kama miezi miwili tegu mzima anaanza kuangusha pingili. Mtu huyo anakwenda tena kichakani.

Njia mbili, magonjwa mawili

Hapa ndipo wanafunzi tunapopoteza alama, na hapa ndipo nilipompotosha yule mama. Tegu wa nguruwe anaweza kumwingia binadamu kwa njia mbili, na kila njia inaleta ugonjwa wake.

Njia ya kwanza ni kula kifuko. Ukila nyama ya nguruwe yenye mchele ambayo haijaiva vizuri, unapata tegu tumboni. Ugonjwa huu mara nyingi ni mpole. Unaweza kuumwa tumbo kidogo, kuona vipande vyeupe kwenye choo, au usione chochote kwa miaka.

Njia ya pili ni kumeza yai. Mayai hayatoki kwenye nyama. Yanatoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu. Yanafika mdomoni kwa mikono isiyonawiwa, kwa mboga zilizomwagiwa maji machafu, kwa maji ya kunywa yasiyochemshwa. Ukimeza yai, mwili wako unafanywa nguruwe. Yai linaanguliwa, kijusi kinatoboa utumbo, kinasafiri na damu na kutua popote: kwenye misuli, chini ya ngozi, kwenye jicho, na kwenye ubongo. Cha ubongoni ndicho kinacholeta kifafa.

Sasa unganisha. Aliye katika hatari kubwa ya kupata kifuko ubongoni si lazima awe mla nguruwe. Ni yule anayeishi, anayekula na anayenywa karibu na mtu mwenye tegu. Mla kitimoto anaweza kuwa mzima wa afya, anatembea na tegu wake tumboni, huku jirani yake asiyegusa nguruwe maisha yake yote ndiye anayeanguka.

Kisa kinachofundisha jambo hili kuliko vyote kilitokea mbali na sisi, katika jiji la New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari waliwapata watu wanne wa jumuiya ya Wayahudi washika dini wakiwa na vifuko vya tegu wa nguruwe ubongoni, na dalili zao kubwa zilikuwa degedege za mara kwa mara. Watu hawa nguruwe kwao ni haramu kama ilivyo kwa Waislamu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992 ulielekeza kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka Amerika ya Kusini na ya Kati, sehemu ambazo tegu huyu ni wa kawaida. Mayai yalikuwa yakiingia kwa mikono jikoni. Nguruwe hakuwahi kukanyaga nyumba zile.

Ukikumbuka New York, utaona kwa nini Handeni na Korogwe hazina kinga. Waislamu ni wengi huko, ndiyo. Lakini Korogwe ni mji wa njia panda. Mabasi ya Arusha, Moshi na Lushoto yanapita hapo. Mashamba ya mkonge yamekusanya watu wa kila kabila tangu enzi za manamba, na kila mtu alikuja na mapishi yake na imani yake. Tegu hamuulizi mtu dini yake. Anachotafuta ni kinyesi na mdomo.

Nilichokiona Korogwe

Wiki za Korogwe tulitembelea wafugaji wadogo wa nguruwe. Wengi wana wawili, watatu, wamejengewa banda la mabanzi nyuma ya nyumba. Ni ufugaji wa akili kabisa: nguruwe anakula makombo na pumba, anazaa watoto wengi kwa mpigo, na akikua analipa ada ya shule. Sina neno baya kwa mfugaji wa nguruwe. Tatizo linaanza pumba zinapopanda bei. Hapo banda linafunguliwa, nguruwe wanaachiwa wajitafutie, wanafungwa tena msimu wa mahindi ili wasile mashamba ya watu. Katika miezi ile ya kuzurura ndipo wanapokutana na vichaka ambavyo watu wamejisaidia.

Mfanyabiashara mmoja wa nguruwe alinionyesha namna anavyopima kabla ya kununua. Nguruwe analazwa, mdomo unazuiwa wazi kwa kijiti, ulimi unavutwa nje kwa kitambaa na kupapaswa upande wa chini. Vidole vikikutana na vipele vigumu, huo ni mchele. Ni kipimo kizuri, maana hakina gharama na kinafanyika palepale. Ila kina udhaifu: nguruwe mwenye vifuko vichache anaweza kupita salama, kwa sababu havijatua ulimini. Ulimi wenye mchele unathibitisha ugonjwa. Ulimi safi hauthibitishi uzima.

Nikamuuliza, "Ukimkuta na mchele unafanyaje?" Akacheka. "Mimi namwacha. Lakini kesho utasikia kachinjwa usiku." Hapo nikaelewa jambo ambalo halimo kwenye daftari. Kisheria nyama hiyo inatupwa, na mfugaji aliyemlisha mnyama wake karibu mwaka mzima hapati kitu. Kwa hiyo yule nguruwe ambaye alipaswa zaidi kufika kwa mkaguzi ndiye anayefichwa. Akichinjwa vichakani hakuna muhuri, na nyama yake inaishia kwenye kikaangio ambacho hakuna anayeuliza. Ukitaka mfugaji alete nguruwe mgonjwa, lazima kuleta kuwe na faida kuliko kuficha.

Na sisi wanafunzi tusijifanye hatumo. Bumu likitoka, vibanda vya kitimoto karibu na chuo vinajaa. Wangapi tumewahi kuuliza kama ile nyama ina muhuri? Wangapi tumemwambia mpishi "fanya haraka, tuna kipindi"?

Ndugu zake: ng'ombe, mbuzi na mbwa

Wale mnaosema "mimi ni mtu wa nyama choma ya ng'ombe tu", zamu yenu imefika. Tegu wa ng'ombe anafuata mzunguko uleule. Mchungaji porini hana choo. Mvua inasambaza mayai kwenye malisho na malambo. Ng'ombe anakula nyasi. Vifuko vinakaa kwenye misuli. Ndiyo maana mkaguzi wa nyama anachanja misuli ya taya, moyo, ulimi na bega kabla ya kupiga muhuri. Hachezi na kisu. Nyama ikiwa nyekundu katikati, kifuko kiko hai. Habari njema ni moja: mayai ya tegu wa ng'ombe hayamfanyi binadamu apate vifuko mwilini. Huyu anaishia tumboni.

Tegu wa mbuzi na kondoo yule anayeonekana kama punje za wali kwenye mavi ya ndama na wanambuzi, pamoja na yule wa kuku anayesambazwa na sisimizi na mbawakawa, wanapunguza ukuaji wa mnyama lakini hawana habari na sisi. Wafugaji waliniuliza sana kuhusu hao. Niliwaambia watibu mifugo yao bila kuogopa watoto wao.

Wa kuogopwa ni tegu wa mbwa. Echinococcus granulosus ni mdogo ajabu, hafiki hata sentimita 1, na mbwa mmoja anaweza kuwa nao maelfu bila kuonyesha dalili. Mbwa anawapata kwa kula maini na mapafu yenye uvimbe wa maji, yale tunayomtupia siku ya kuchinja. Kisha anaangusha mayai uani, kwenye manyoya yake, kwenye mikono ya watoto wanaocheza naye. Binadamu akimeza mayai hayo anaota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, unaokua polepole kwa miaka hadi kutaka upasuaji. Wenzetu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, walijulikana kuwa miongoni mwa watu walioathirika zaidi duniani, na katika miaka ya 1980 shirika la AMREF liliendesha huko kazi kubwa ya kupasua wagonjwa na kutibu mbwa.

Yuko pia tegu wa mbwa ambaye mtoto wake hukaa kwenye ubongo wa mbuzi na kondoo. Mnyama anaanza kuinamisha kichwa upande, anazunguka mahali pamoja, hatimaye anakufa. Mbwa anampata kwa kula kichwa cha mbuzi huyo huyo. Tangu Juni 2022 familia nyingi za wafugaji zimehamia Msomera, Handeni, kutoka Ngorongoro, pamoja na mifugo yao. Wafugaji wa Kimaasai wanaujua ugonjwa huu wa kuzunguka vizuri kuliko mwanafunzi yeyote wa chuo. Mzee mmoja alinieleza dalili zake kwa mpangilio ambao mhadhiri wangu angempa alama zote. Alichokuwa hajaambiwa ni kwamba mbwa wake mwenyewe, anayelinda boma, ndiye daraja. Nilipomwambia, alikaa kimya kidogo, kisha akamwambia kijana wake: "Kuanzia leo kichwa cha mbuzi aliyezunguka kichomwe." Somo lote hilo lilichukua dakika kumi, na halikuhitaji projekta.

Kifafa na povu

Turudi kwa mtoto wa Handeni. Kifuko cha tegu kinaweza kukaa ubongoni miaka mingi kimya. Mara nyingi shida inaanza kinapoanza kufa, kwa sababu mwili unakigundua, unakishambulia, na ubongo unaokizunguka unavimba. Matokeo ni degedege, maumivu makali ya kichwa, wakati mwingine maji kujaa kichwani.

Si kila kifafa ni tegu. Kuna kifafa cha kuzaliwa nacho, cha ajali ya kichwa, cha malaria kali ya utotoni, cha kuchelewa kuzaliwa, na cha sababu zisizojulikana. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo yenye tegu wa nguruwe, ugonjwa huu unahusika katika karibu asilimia 30 ya watu wenye kifafa. Kwetu Tanzania ushahidi upo. Mbulu, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima nguruwe kwa ulimi na kukuta asilimia 17.4 wana vifuko. Katika wilaya hiyohiyo, kwenye Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wagonjwa 212 wa kifafa walipigwa picha ya CT skani; 38 kati yao walikuwa na dalili za vifuko vya tegu ubongoni. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Mwaka 2014 wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani walipopanga vimelea wa chakula duniani kwa uzito wa madhara, tegu wa nguruwe alishika namba moja na yule mdogo wa mbwa namba mbili.

Nami naongeza jambo la hosteli. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alianguka kwenye korido ya bweni letu. Tulikuwa zaidi ya kumi pale, watu wa digrii. Nusu tulirudi nyuma eti povu linaambukiza. Mmoja akaleta kijiko amtie mdomoni. Jamani, povu la kifafa haliambukizi. Ni mate yaliyochanganyika na hewa. Mtu akianguka, ondoa vitu vya hatari karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, usimkandamize, angalia saa. Ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali. Akizinduka, kaa naye na uzungumze naye kama mtu. Kama sisi tunakimbia, tutamlaumu vipi mtoto wa darasa la tano wa Handeni?

Nini kifanyike

Kwanza, moto. Nyama ikiiva mpaka ndani, isiwe na wekundu wala maji ya damu, kifuko kinakufa. Vipande vidogo vinaiva kuliko pande kubwa lililoungua nje na kubaki bichi katikati. Na uliza muhuri. Muuzaji akiona wateja kumi wanauliza, wa kumi na moja atakuta jibu.

Pili, choo na banda. Hivi viwili ndivyo vinavyokata mzunguko: kinyesi cha mtu kisimfikie nguruwe, na nguruwe asikifikie kinyesi. Choo cha shimo chenye mlango kinatosha.

Tatu, maji. Hapa naomba tusihubiri kirahisi. Handeni inajulikana kwa shida ya maji tangu zamani. Bomba la HTM linavuta maji kutoka mto Pangani, lakini vijiji vingi bado vinategemea malambo, ambako ng'ombe na ndoo hukutana. Mtu anayenunua maji kwa dumu hawezi kuambiwa "nawa mikono" kana kwamba ni mvivu. Unachoweza kumwambia ni wapi aanze na maji machache aliyonayo: baada ya choo, kabla ya kupika, kabla ya kula. Kibuyu chirizi chenye lita chache kinanawisha nyumba nzima. Na maji ya kunywa yachemshwe.

Nne, dawa, kwa mpangilio. Tegu wa tumboni anatibika kwa dozi moja ya prazikwanteli au niklosamidi. Lakini usijinunulie dukani. Kama una vifuko ubongoni bila kujua, prazikwanteli inaweza kuviamsha na kuleta degedege. Dozi moja ya kawaida ya albendazoli, ile ya minyoo ya shuleni, si ya kutegemewa kwa tegu. Nenda kituo cha afya, eleza ulichokiona chooni bila aibu.

Tano, mnyama. Nguruwe anatibiwa vifuko kwa dozi moja ya oksifendazoli, na ipo chanjo yake iitwayo TSOL18. Huko Tumbes, kaskazini mwa Peru, walifanya yote pamoja: wakatibu watu, wakatibu nguruwe na kuwachanja. Mwisho wa kazi, kwa taarifa iliyotoka mwaka 2016, vijiji 105 kati ya 107 havikuwa tena na nguruwe wenye maambukizi. Vilikuwa vijiji vya watu maskini, wenye mabanda ya mabanzi kama ya Korogwe. Tofauti ni kwamba daktari wa watu na daktari wa mifugo walikwenda pamoja. Kwetu, nilichokiona fildi ni kwamba kifafa kinaandikwa kwenye daftari la zahanati, mchele kwenye daftari la machinjio, na madaftari hayo hayajawahi kukaa meza moja. Wanafunzi wa tiba na wa mifugo, hebu tuanze sisi.

Nilirudi

Siku tatu baadaye nilikodi bodaboda, nikarudi kwa yule mama. Nilimwambia, "Mama, nilikujibu vibaya. Asiyekula nguruwe naye anaweza kuugua, kwa mayai yanayotoka kwa mtu. Sijui kama ndicho kinachomsumbua mtoto. Lakini ugonjwa wake una dawa, na hospitali inatoa dawa hizo hata kabla ya kujua chanzo." Nilitegemea anilaumu. Akaniuliza tu, "Kwa hiyo si mkosi?" Nikamwambia si mkosi.

Walikwenda hospitali ya wilaya wiki iliyofuata. CT skani hawakupata, maana nauli na gharama za kuifuata mbali hazikuwepo. Mtoto alianzishiwa vidonge vya kifafa. Kabla sijamaliza fildi, mama alinipigia akasema ameanguka mara moja tu kwa mwezi mzima, na kwamba anataka kurudi shule. Je, alikuwa na kifuko ubongoni? Picha haikupigwa, kwa hiyo jibu halipo. Ninachojua ni kwamba jibu langu la kwanza lingeweza kumfungia mlango, na lilikuwa jibu la mwanafunzi mwenye A ya parasitolojia.

Jipime

1. Mtu asiyekula nguruwe kabisa anapataje kifuko cha tegu ubongoni? Eleza kwa hatua.
2. Kwa nini nguruwe mwenye ulimi safi hawezi kuhesabiwa kuwa mzima?
3. Tegu wa ng'ombe na tegu wa nguruwe: ni yupi ambaye mayai yake ni hatari kwa binadamu, na kwa nini jibu hilo ni muhimu kwa mpishi wa kantini?
4. Mwenzako akianguka kifafa leo darasani, utafanya nini katika dakika 5 za kwanza? Jibu hili usiliandike. Lijue.